Picha Hazihamii Kwenye Diski ya Nje: Tafuta Zinapokwama

Unakili wa picha ukikatika katikati, usikimbilie kitufe cha kujaribu tena. Soma jina la faili lililo kwenye kidirisha, liandike mahali, kisha anza upya mara moja tu ili uone. Ikikwama tena kwenye faili ile ile, tatizo liko kwenye faili: jina lake, ukubwa wake, au sehemu ya diski ya kompyuta inakokaa. Ikikwama kwenye faili nyingine, mara ya kwanza picha ya 300 na mara ya pili picha ya 4,000, tatizo liko njiani: waya, tundu, umeme, au diski ya nje yenyewe. Na kama haikupita hata picha moja, chunguza fomati ya diski (mfumo inaotumia kupanga faili) na ruhusa. Jaribio hili linachukua dakika chache tu, na bila hilo watu hununua waya mpya wakati kosa ni herufi moja kwenye jina la folda, au hufomati diski nzima wakati waya ndio uliochoka.

Kabla ya yote: nakili, usikate. Ukikata na kubandika kwenda diski nyingine, kompyuta hunakili kila faili kisha huifuta ilikotoka. Kazi ikikatika, unabaki na picha nusu huku na nusu kule, na ile iliyokuwa njiani wakati huo inaweza kuwa imeharibika. Picha za asili zisifutwe kwenye kompyuta mpaka nakala ikaguliwe, na ukaguzi una sehemu yake hapa chini.

Je, picha ziko kwenye kompyuta kweli?

Swali hili linaonekana la ajabu, lakini ndilo chanzo cha kesi nyingi siku hizi. Unaona vijipicha vyote kwenye folda, unadhani faili zipo, kumbe ziko kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, na kompyuta imebaki na vivuli vyake tu.

Kwenye Windows, bofya folda ya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, usome mistari miwili: Size na Size on disk. Kama wa kwanza unasema GB 60 na wa pili unasema MB chache tu, au sifuri, basi picha ziko OneDrive, hifadhi ya wingu ya Microsoft. Alama ya wingu dogo kando ya jina la faili inasema hivyo hivyo. Ukinakili folda ya namna hiyo, kompyuta inalazimika kupakua kila picha kwanza, na intaneti ikisuasua au OneDrive ikiwa imezimwa unaweza kupata kosa 0x8007016A au 0x80070780. Dawa yake: bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua Always keep on this device, subiri mawingu yote yageuke alama ya tiki ndani ya duara la kijani, ndipo unakili. Hakikisha diski ya kompyuta ina nafasi ya kuzipokea. Kama haina, fanya folda moja moja.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Ukiwasha hifadhi ya OneDrive, folda yako ya Pictures huhamia ndani ya folda ya OneDrive. Anayefungua C:\Users\jina\Pictures anaweza kukuta folda tupu au picha za zamani tu, wakati zile mpya ziko C:\Users\jina\OneDrive\Pictures. Bofya picha moja unayoijua, soma mahali ilipo, halafu ndipo uamue folda ya kunakili.

Kwenye Mac, fungua programu ya Photos, nenda kwenye mipangilio yake, sehemu ya iCloud. Ikiwa imechaguliwa Optimize Mac Storage, picha za asili zenye ukubwa kamili huenda hazipo kwenye mashine. Badilisha iwe Download Originals to this Mac na uiache mpaka imalize. Picha zikiwa maelfu, hilo linaweza kuchukua siku kadhaa, na halina njia ya mkato.

Hakuna kinachopita: fomati na ruhusa

Diski nyingi za nje huuzwa zikiwa na fomati ya NTFS, ambayo ni ya Windows. Mac huisoma NTFS lakini haiandiki juu yake. Ukichomeka diski hiyo kwenye Mac, picha zilizomo zinafunguka vizuri, ila ukijaribu kubandika hakuna kinachotokea, au faili inarudi ilikotoka. Bofya diski, chagua Get Info, utazame chini kabisa: utakuta maandishi kwamba una ruhusa ya kusoma tu. Kinyume chake, diski yenye APFS au HFS+ (Mac OS Extended) ya Mac ikichomekwa kwenye Windows haitafunguka, na Windows itakuuliza kama unataka kuifomati. Jibu ni hapana. Wengi wamepoteza picha za miaka kwa kubonyeza ndiyo hapo.

Kama diski itatumika kwenye Windows na Mac, fomati inayofaa ni exFAT, kwani mifumo yote miwili huisoma na kuiandika. Kama ni ya Windows peke yake, baki na NTFS. Kama ni ya Mac peke yake, tumia APFS kwa SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka), na Mac OS Extended kwa diski inayozunguka. Sababu ya kutoitumia exFAT kila mahali ni kwamba haina kumbukumbu ya ndani ya mabadiliko yanayoendelea. Umeme ukikatika au diski ikichomolewa wakati wa kuandika, exFAT huumia kirahisi kuliko NTFS au APFS.

Kufomati kunafuta kila kitu kilichomo. Kama tayari diski ina vitu, vihamishe kwanza. Kwenye Windows, bofya diski kwa kitufe cha kulia, chagua Format, weka exFAT, acha Allocation unit size kama ilivyo. Kwenye Mac, fungua Disk Utility, kwenye menyu ya View chagua Show All Devices, kisha uchague diski yenyewe iliyo juu, si jina lililo chini yake. Bonyeza Erase, weka ExFAT na Scheme iwe GUID Partition Map. Watu wengi huchagua mstari wa chini, kisha wanashangaa kwa nini sehemu ya Scheme haionekani.

Diski isipoonekana kabisa kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua Disk Management. Ikionekana humo lakini haina herufi, bofya sehemu yake kwa kitufe cha kulia, chagua Change Drive Letter and Paths, uipe herufi isiyotumika. Ikiwa haionekani hata humo, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya waya na umeme.

Ruhusa nazo hukwamisha. Picha zilizotoka kwenye kompyuta ya zamani au akaunti ya mtumiaji mwingine zinaweza kukataa kusomwa. Ingia kwa akaunti ya msimamizi, fungua Properties za folda, sehemu ya Security, Advanced, ubadilishe mmiliki awe akaunti yako na uweke tiki ya kuingiza folda zote za ndani. Na kama programu yako ya kunakili inakataliwa kuandika wakati File Explorer inaandika vizuri, angalia kwenye Windows Security kama Controlled folder access imewashwa. Kwenye Mac, sehemu ya Privacy & Security ndani ya Files and Folders ndiyo inayoruhusu programu kufikia diski za nje.

Inakwama kwenye faili ile ile

Anza na jina. Windows haikubali alama hizi ndani ya jina la faili: < > : " / \ | ? *. Mac inakubali nyingi kati yake. Kwa hiyo folda iliyoitwa kwenye Mac "Harusi ni lini?" inaishi vizuri miaka mingi, mpaka siku unapoihamisha kwenda diski ya exFAT au NTFS. Nafasi tupu au nukta mwishoni mwa jina huleta shida pia, na hiyo ndiyo ngumu kuiona kwa macho. Bofya jina kama unataka kulibadilisha, peleka mshale mwisho kabisa, uone kama unasimama mbele ya herufi ya mwisho au kuna pengo.

Urefu wa njia nao. Windows kwa kawaida huhesabu herufi 260 kwa njia nzima, kuanzia herufi ya diski hadi mwisho wa jina la faili. Picha iliyo ndani ya folda saba, kila folda ikiwa na jina refu la tukio na tarehe, inafika huko haraka. Usihangaike kubadilisha jina la picha, fupisha folda ya juu kabisa. Ukigeuza "Picha zote za familia zilizohamishwa kutoka kompyuta ya zamani" iwe "Familia", unaokoa zaidi ya herufi 50 kwa kila faili iliyo chini yake.

Kama faili inayokwama ni video au faili kubwa ya uhariri, angalia fomati ya diski. FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4. Windows husema faili ni kubwa mno kwa mfumo wa faili, hata kama diski ina nafasi tupu ya GB 900. Picha zitapita zote, video ya dakika 20 ya ubora wa 4K inaweza kugoma. Dawa ni exFAT.

Majina yakiwa sawa, njia ni fupi na ukubwa hauna neno, basi huenda faili imeharibika pale ilipo, kwenye diski ya kompyuta. Ifungue. Picha ya JPEG iliyoharibika mara nyingi huonyesha nusu ya juu vizuri, kisha chini inageuka kijivu kitupu, au rangi zinahama mstari mzima kwenda pembeni. Faili yenye KB 0 haina kitu ndani. Kosa la Windows ni 0x80070570 faili inaposomeka vibaya, au 0x8007045D mawasiliano na diski yanapovunjika. Kwenye Mac utaona kosa la -36, na Finder ikilikuta husimamisha kazi yote, haiendelei na faili zilizobaki. File Explorer angalau hukupa nafasi ya Skip. Iruke faili hiyo, nakili nyingine zote kwanza, halafu urudi kwake peke yake ukiwa umeshaokoa zilizo nzima. Mpangilio huu una maana kubwa: diski inayoanza kufa haina muda wa kupoteza kwenye faili moja.

Inakwama popote: waya, umeme, diski

Waya ndio wa kwanza kushukiwa. Diski nyingi za nje za inchi 2.5 hutumia tundu pana lenye sehemu mbili zilizoshikamana, moja kubwa na moja ndogo. Tundu hilo hulegea. Shika kichwa cha waya kwa vidole viwili ukitikise kidogo sana huku diski ikiwa imewaka bila kunakili kitu. Taa ikizima na kuwaka, au kompyuta ikitoa ile sauti ya kuchomoa na kuchomeka, umepata jibu. Badilisha waya. Na ujue kwamba waya mwembamba wa simu za zamani huingia kwenye ile sehemu kubwa ya tundu na diski ikafanya kazi, lakini kwa kasi ya USB 2.0. Nyaya za USB-C zinadanganya hata zaidi, kwa sababu kichwa ni kile kile. Nyingi zinazokuja na chaja zimetengenezwa kwa ajili ya umeme, na data hupita kwa USB 2.0 tu.

Umeme ni wa pili. Tundu la USB 2.0 limekadiriwa kutoa milliampia 500, la USB 3.0 milliampia 900. Diski inayozunguka huhitaji umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka. Ikichomekwa kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake, pamoja na kipanya na kibodi, inakosa nguvu: inaanza, inazima, inaanza tena. Ichomeke kwenye tundu la kompyuta moja kwa moja. Kwa kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, yaliyo kwenye ubao mama, kwani ya mbele hupitia waya mwingine wa ndani. Diski za inchi 3.5 zina adapta yake ya umeme, na adapta isiyo yake inaweza kuiunguza.

Kompyuta yenyewe huzima umeme wa USB ili kuokoa betri. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya juu ya Power Options, tafuta USB selective suspend setting, uizime. Zuia pia kompyuta isilale wakati wa kunakili, na iache kwenye chaja.

Kama umebadilisha waya na tundu na bado inakatika, jaribu diski kwenye kompyuta nyingine. Ikikatika huko pia, ni diski. Sikiliza. Diski inayozunguka ikiwa nzima hutoa mvumo mwembamba usiobadilika. Ikigonga tik, tik, tik kwa mpangilio kisha ikazima, kichwa chake cha kusomea kinashindwa kupata njia. Izime hapo hapo. Usiirudierudie, usiendeshe programu ya kuitengeneza, na kama ina picha zisizo na nakala nyingine, mpelekee fundi wa kuokoa data ikiwa imezimwa. Kila dakika inapoendelea kuzunguka inaweza kukwaruza eneo ambalo bado linasomeka.

Isipotoa sauti mbaya, soma taarifa zake za SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea, kwa CrystalDiskInfo kwenye Windows au smartctl kwenye Mac na Linux. Mistari mitatu inatosha. 05 ni sehemu zilizokwisha kuhamishwa kwa sababu ya ubovu, C5 ni sehemu zinazosubiri uamuzi baada ya kushindwa kusomeka, na C7 ni makosa ya mawasiliano. C5 ikiwa juu ya sifuri na inaongezeka, hiyo diski si mahali pa kuweka picha. C7 ikipanda peke yake, mara nyingi ni kiungo au waya, si sahani za diski. Baadhi ya makasha ya USB hayapitishi taarifa za SMART, kwa hiyo kukosekana kwake si dalili ya ubovu.

Ikiwa SMART ni safi lakini Windows inalalamika kwamba diski ina makosa, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

chkdsk E: /f

ukiweka herufi ya diski yako badala ya E. Hii hutengeneza orodha ya faili. Ukiongeza /r, inasoma diski nzima kipande kwa kipande, na kwa diski ya TB 2 hilo huchukua saa nyingi. Usitumie chkdsk kwenye diski unayoshuku inakufa kabla hujatoa picha zilizomo. Kazi yake ni kunyoosha mfumo wa faili, na vipande visivyo na mwenyewe huvitupa kwenye folda ya found.000 vikiwa na majina kama FILE0000.CHK. Kwenye Mac kazi kama hiyo hufanywa na First Aid ndani ya Disk Utility.

Bado kuna diski bandia. Inaandikwa TB 2 kwa bei ya ajabu, kumbe ndani kuna kadi ndogo iliyofundishwa kusema uongo. Inapokea picha bila kulalamika, majina yote yanaonekana, lakini ukifungua zilizoingia mwishoni hakuna kitu. H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux hujaza diski nzima kisha huisoma tena. Fanya jaribio hilo diski ikiwa mpya na tupu.

Inakwenda, lakini polepole mno

Piga hesabu kwanza ujue kama ni polepole kweli. USB 2.0 hupitisha kati ya MB 30 na 40 kwa sekunde. Kwa MB 35, GB 200 za picha zinachukua kama saa moja na dakika 35. Diski inayozunguka kwenye USB 3.0 hufika kama MB 120, na mzigo huo huo unachukua kama dakika 28. Hizo ni kasi za faili kubwa. Vijipicha elfu 50 vya KB 20 kila kimoja vina GB 1 tu kwa jumla, lakini vinaweza kuchosha diski kuliko video ya GB 20, kwani kila faili inafunguliwa, inaandikwa kwenye orodha, inafungwa. Kama programu yako ya uhariri ina folda ya kache au ya vijipicha, iache, itajitengenezea mpya.

Kasi inayoanza vizuri kisha ikaporomoka ghafla baada ya GB kadhaa ina maelezo yake. SSD za bei nafuu na diski za aina ya SMR zina eneo dogo la haraka linalopokea data kwanza. Likijaa, unabaki na kasi halisi. Diski haijaharibika. Igawe kazi mafungu ya GB 50, upumzishe diski dakika kumi kati ya fungu na fungu. Flashi ndogo za chuma hupata joto kali na kupunguza kasi, nazo dawa yake ni hiyo hiyo.

Nafasi inaisha kabla ya hesabu yako? Diski ya TB 1 huonekana kama GB 931 kwenye Windows, kwa sababu mtengenezaji anahesabu kwa 1,000 na Windows inahesabu kwa 1,024. Pili, vitu ulivyofuta kwenye diski ya nje vinaweza kuwa bado vimekaa kwenye takataka iliyofichwa ndani yake. Mwaga takataka diski ikiwa imechomekwa. Tatu, exFAT kwenye diski kubwa hutoa nafasi kwa vipande vya KB 128, hivyo kijipicha cha KB 20 kinakalia KB 128 kamili.

Picha zikiwa nyingi, acha kuburuta

Kwa picha zaidi ya elfu chache, kuburuta kwa kipanya hakufai, kwa sababu kazi ikikatika hujui ilipoishia. Windows inakuja na robocopy, amri ya kunakili inayoandikwa ndani ya Command Prompt, na ndiyo tunayoipendekeza:

robocopy "C:\Users\jina\Pictures" "E:\Picha" /E /R:2 /W:5 /XJ /LOG:C:\Users\jina\Desktop\picha.txt

/E inachukua folda zote za ndani, na /LOG inaandika ripoti kwenye faili la picha.txt. /R:2 na /W:5 zinaiambia ijaribu faili mbovu mara mbili tu, ikisubiri sekunde 5. Usiziache: bila maagizo hayo robocopy hujaribu mara milioni moja na kusubiri sekunde 30 kila mara, na utadhani kompyuta imeganda. Ikikatika, irudie amri ile ile, itaruka zilizokwisha kufika. Kama diski ni FAT32 ongeza /FFT, la sivyo itadhani faili zote zimebadilika, kwani FAT huhesabu muda kwa hatua za sekunde 2. Usifunge njia kwa \ kabla ya alama ya kunukuu, na kaa mbali na /MIR mpaka uielewe: hufuta kwenye diski ya nje chochote kisichokuwa kwenye kompyuta. Mwishoni inaleta jedwali. Tazama safu ya FAILED, kisha tafuta neno ERROR ndani ya picha.txt upate majina ya zilizogoma.

Kwenye Mac, ndani ya Terminal:

caffeinate -i rsync -rtvh --progress ~/Pictures/Safari/ /Volumes/DISKI/Safari/

caffeinate inazuia mashine kulala. Mkwaju (/) ulio mwisho wa njia ya kwanza una maana: ukiwepo, inanakili vilivyomo ndani ya folda, na usipokuwepo inanakili folda yenyewe, ukajikuta na Safari ndani ya Safari.

Maktaba za programu zina taratibu zake. Maktaba ya Photos ya Mac ni folda iliyovikwa sura ya faili moja. Inataka diski ya APFS au Mac OS Extended, si exFAT, na Photos iwe imefungwa wakati wa kuinakili. Ukitaka picha peke yake kwa ajili ya exFAT, tumia File, Export, Export Unmodified Original. Kwa mtumiaji wa Lightroom Classic, programu ya kupanga na kuhariri picha: kama unahamisha na si kunakili, hamisha folda ukiwa ndani ya Lightroom, au baadaye ubofye folda yenye alama ya kuuliza na kuionyesha mahali papya. Faili ndogo za .xmp na .aae zilizo kando ya picha zibebe pia, ndimo uhariri ulimo. Picha hai (Live Photos) za iPhone ni faili mbili, .HEIC na .MOV, na zikitengana mwendo unapotea.

Kuhakiki

Mstari wa maendeleo ukifika mwisho, sehemu ya data inaweza kuwa bado iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta, haijaandikwa. Toa diski kwa Eject, subiri taa itulie, chomoa, chomeka tena. Hatua hii ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo inayofanya ukaguzi uwe wa kweli: ukikagua bila kuchomoa, kompyuta inaweza kukusomea nakala iliyobaki kwenye kumbukumbu yake badala ya ile iliyo kwenye diski.

Kisha linganisha idadi ya faili na jumla ya baiti pande zote mbili, ukisoma Size na si Size on disk. Idadi ikiongezeka upande wa diski kwa sababu ya faili zinazoanza na ._ hizo ni za Mac, inaziweka kwenye exFAT kuhifadhi taarifa zake, hazina picha. Idadi ikilingana, linganisha vilivyomo. FreeFileSync ina chaguo la kulinganisha kwa yaliyomo ndani ya faili. Kwenye Mac, rsync -rtnvc ikifuatwa na njia zile zile mbili itaorodhesha faili zinazotofautiana bila kugusa kitu, lakini faili za ukubwa ule ule ndizo zinazosomwa zote, hivyo huchukua muda mrefu. Kwa faili moja unayoishuku, tumia certutil -hashfile jina SHA256 kwenye Windows na shasum -a 256 jina kwenye Mac. Kila amri hutoa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu: uendeshe kwa faili ya asili na kwa nakala, na herufi moja ikitofautiana, nakala hiyo si sawa. Halafu fungua picha kumi kwa macho yako, zikiwemo za folda ya mwisho kabisa.

Tarehe zisikutishe. Kwenye Windows, ukinakili kwa kuburuta, Date created ya nakala inakuwa siku uliyonakili, na picha zikipangwa kwa tarehe hiyo zinavurugika. Siku halisi ya kupiga picha imo ndani ya picha yenyewe, kwenye EXIF, na kunakili hakuigusi. Panga kwa Date taken.

Diski ikikataa kutolewa kwa madai kwamba inatumika, funga programu za picha na madirisha yote ya folda zake, pamoja na Command Prompt au Terminal iliyosimama ndani yake. Programu ya kukagua virusi nayo huenda bado inapitia faili mpya, ipe dakika kadhaa. Ikigoma bado, usichomoe. Zima kompyuta kabisa, subiri taa ya diski izime, ndipo utoe waya.